Pasipoti ndani ya benki: Afrika Kusini yafungua mlango, Kongo ingali inatafuta daftari

Tangu mwezi wa nne 2016, mwananchi wa Afrika Kusini anaweza kuomba kitambulisho ao pasipoti katika tawi la benki bila kupanga mstari mbele ya ofisi ya serikali. Anapigwa picha palepale, anaweka alama za vidole palepale, na baada ya siku chache anarudi kuchukua kadi yake. Wakongomani wengi wanaoishi Johannesburg, Pretoria, Durban na Cape Town wanapita kila siku mbele ya matawi hayo. Walio wengi kati yao hawaruhusiwi kuyatumia kwa kazi hiyo.

Huku nyumbani swali linaulizwa kila mara mtu anapohangaika na karatasi: kwa nini Kongo isifanye vilevile? Benki zipo, kompyuta zipo, simu zipo. Jibu haliko kwenye benki. Liko kwenye kitu ambacho Afrika Kusini ilikuwa nacho kabla ya kumfungulia mwombaji mlango wa benki: daftari la wakaaji wote.

Mwombaji anafanya nini

Kazi inaanzia nyumbani. Mwombaji anajiandikisha kwenye ukurasa wa intaneti wa Wizara ya Mambo ya Ndani unaoitwa eHomeAffairs. Anajaza fomu, analipa kupitia akaunti yake, kisha anachagua tawi, siku na saa ya kufika.

Siku hiyo anaingia benki na kitambulisho chake cha zamani. Ndani ya tawi pametengwa nafasi kwa ajili ya kazi hii. Katika mpango ulioanza 2016, anayempokea si mfanyakazi wa benki bali mtumishi wa Wizara. Benki inatoa mahali, ulinzi na mtandao. Serikali inabaki na kazi yake ya kumtambua mtu. Mwombaji anapigwa picha, anaweka vidole kwenye mashine na kutia sahihi. Haleti picha ya studio wala hanunui fomu kwa mtu aliyesimama nje ya lango.

Kitambulisho kikiwa tayari, ujumbe unaingia kwenye simu yake. Anarudi kwenye tawi lilelile, anaweka kidole tena ili kuhakikisha kwamba mwenye kadi ni yeye, kisha anaondoka nayo.

Bei ni ileile ya ofisi ya serikali. Kadi mpya ya utambulisho ni randi 140. Kijana aliyefikisha miaka 16 anapewa ya kwanza bure. Pasipoti ya kawaida ya kurasa 32 ilikuwa randi 400 hadi mwezi wa kumi 2022. Kuanzia tarehe 1 ya mwezi wa kumi na moja mwaka huo imekuwa randi 600, yaani kati ya dolari 30 na 35 hivi.

Benki za kwanza kuingia katika mpango huo zilikuwa nne kubwa: Absa, FNB, Nedbank na Standard Bank. Baadaye Discovery na Investec zikajiunga.

Matawi machache kwa nchi kubwa

Pamoja na sifa zote, huduma hiyo ilibaki ndogo kwa miaka mingi. Hadi 2024 ilikuwa katika matawi takriban 30 tu, kwa nchi yenye wakaaji zaidi ya milioni 60. Karibu yote yako katika miji mikubwa. Wizara yenyewe ina ofisi zaidi ya 400, na huko ndiko wengi wanaendelea kwenda, hasa wale wa vijijini Limpopo ao Eastern Cape ambao tawi la benki lenye mashine hizo liko mbali na kwao kwa mamia ya kilometa.

Kwenye ofisi za Wizara, mstari unaanza kabla ya jua kutoka. Watu wanafika na viti vya plastiki na blanketi. Mara nyingi, ikifika saa nne asubuhi, wanatangaziwa kwamba mtandao umekatika. Aliyeomba ruhusa kazini amepoteza siku, na aliyetoka mbali amepoteza nauli. Ni hali hiyo iliyofanya benki ionekane kama nafuu: pale mtu anakuja kwa saa aliyopangiwa.

Mwaka 2025, Waziri wa Mambo ya Ndani Leon Schreiber alitangaza hatua nyingine. Benki ziunganishwe moja kwa moja na mitambo ya Wizara, huduma ifike katika mamia ya matawi, na mwishowe mteja aanze maombi yake ndani ya programu ya benki iliyo kwenye simu yake. Lengo lake ni kuondoa kabisa kitabu cha kijani cha utambulisho, ambacho ni rahisi kughushi, ili kila mtu abaki na kadi iliyoanza kutolewa mwezi wa saba 2013.

Kwa nini benki zilikubali

Hakuna benki inayofungua mlango wake bure. Benki za Afrika Kusini zina haja kubwa na daftari la Wizara. Mtu akitaka kufungua akaunti ao kukopa, benki inapaswa kujua kama kweli ni yeye. Inachukua alama ya kidole chake na kuuliza mitambo ya Wizara: je, kidole hiki ni cha mwenye namba hii? Jibu linarudi kwa sekunde chache.

Kwa miaka mingi swali hilo liligharimu senti 15 za randi. Kuanzia tarehe 1 ya mwezi wa saba 2025, Wizara ilipandisha bei hadi randi 10 kwa jibu la papo hapo, na randi 1 kwa maswali yanayotumwa kwa wingi katika saa zisizo na kazi nyingi. Wizara ilieleza kwamba bei ya zamani ilikuwa ndogo mno, mitambo ilizidiwa na maswali, na pesa za kuitengeneza hazikupatikana. Baadhi ya benki zililalamika kwamba mzigo huo utaishia mgongoni mwa wateja maskini, wale wanaofungua akaunti zisizo na malipo.

Mabishano hayo yanaonyesha jambo ambalo halionekani mtu anapopiga picha ya pasipoti katika tawi lenye viti safi. Benki na Wizara zinategemeana. Benki inampa mwombaji kiti na saa, na Wizara inaipa benki uhakika wa jina. Chombo kinachoziunganisha ni daftari la wakaaji lenye jina, namba, picha na alama za vidole vya mamilioni ya watu.

Daftari lenye historia chungu

Daftari hilo halikuanzishwa kwa nia njema. Mwaka 1950, utawala wa ubaguzi wa rangi ulitunga sheria ya kuandikisha wakaaji wote na kuwagawa kwa rangi. Mwaka 1952 ukaunganisha vibali vya Waafrika katika kitabu kimoja ambacho kila mtu mzima mweusi alilazimishwa kutembea nacho. Watu walikiita dompas. Asiyekuwa nacho alikamatwa barabarani. Tarehe 21 mwezi wa tatu 1960, huko Sharpeville, polisi waliwafyatulia risasi watu waliokuwa wakiandamana kupinga vitabu hivyo, na 69 waliuawa. Sheria za vibali hivyo zilifutwa mwaka 1986, na ile ya kugawa watu kwa rangi mwaka 1991.

Wakongomani wazee wanaelewa habari ya namna hiyo. Wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, Mkongomani hakuweza kuhama tarafa yake bila karatasi ya ruhusa, na mji wa Wazungu ulikuwa na saa zake za kumfungia mlango mtu mweusi. Kitambulisho kilikuwa kamba ya kumfunga mtu kabla ya kuwa haki yake.

Tofauti ni kile kilichofuata. Baada ya uchaguzi wa 1994, Afrika Kusini haikulitupa daftari. Ililigeuza kuwa la wananchi wote na kuweka alama za vidole katika kompyuta. Namba ya utambulisho yenye tarakimu 13, ambayo sita za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, inamfuata mtu shuleni, hospitalini, kazini, benki na kwenye kituo cha kura. Kwa hiyo mashine ilipowekwa ndani ya benki mwaka 2016, haikuanza kuuliza mtu huyu ni nani. Ilikuwa inahakikisha tu kile serikali ilichokuwa inakijua tayari.

Wakongomani nje ya mlango

Yeoville ni mtaa wa Johannesburg ambako Kilingala, Kiswahili na Kifaransa vinasikika sokoni na mtu anapata pondu na makayabu bila shida. Hapo ndipo mpaka wa huduma hii unaonekana wazi. Iliundwa kwa ajili ya wananchi walio katika daftari. Mkimbizi na mwomba hifadhi hawamo.

Wakongomani ni kati ya makundi makubwa ya wakimbizi nchini Afrika Kusini. Karatasi zao hutolewa chini ya sheria ya wakimbizi ya 1998, na ofisi zao ni chache: Pretoria, Musina, Durban, Gqeberha na Cape Town. Ile ya Cape Town ilifungia milango waombaji wapya mwaka 2012, na ilichukua miaka zaidi ya kumi pamoja na kesi mahakamani kabla ya kufunguliwa tena. Wakati wa Korona, ofisi zote zilifungwa mwezi wa tatu 2020, na mwaka uliofuata serikali ikaanza kuongeza muda wa vibali kwa njia ya intaneti.

Kwa mtu huyo, benki si mahali pa kutolea karatasi bali mahali pa kumwuliza karatasi. Kibali kikiisha muda kabla hajapewa kingine, akaunti inaweza kufungiwa. Mshahara umeingia na mwenyewe anaona namba kwenye simu, lakini hawezi kuutoa. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi, shule inataka malipo ya mtoto, naye anaambiwa alete kibali kipya. Katika nchi moja, tawi moja la benki linampa mmoja pasipoti na kumfungia mwingine pesa zake, na tofauti kati yao ni daftari ambamo majina yao yameandikwa.

Kuna mtego mwingine. Mkimbizi akienda kwenye ubalozi wa Kongo mjini Pretoria kuomba pasipoti ya Kongo, anaweza kuhesabiwa kwamba amerudi chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia, na hifadhi yake ikatiliwa mashaka. Akitaka kusafiri anapaswa kuomba hati ya safari ya wakimbizi. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi miaka kumi na mitano Afrika Kusini, akazaa na kusomesha huko, bila kushika pasipoti yoyote mkononi.

Hata waliomo ndani ya daftari hawako salama siku zote. Kwa miaka mingi Wizara ilizuia namba za watu iliowashuku kuwa si raia halali, mara nyingine bila kuwaita wala kuwasikiliza. Namba ikizuiwa, mtu hawezi kupata pasipoti, wala kuandikisha mtoto, wala kutumia benki. Mwezi wa kwanza 2024, Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kwamba kuzuia namba bila utaratibu wa haki ni kinyume cha katiba. Kwa wenye asili ya kigeni waliopata uraia ao ukaaji wa kudumu, kadi mpya ilianza kufunguliwa mwaka 2025 tu. Kabla ya hapo walibaki na kitabu cha kijani.

Kongo: benki ni mahali pa kulipia

Nchini Kongo, jina la benki linatajwa pia katika habari za pasipoti, lakini kwa kazi nyingine. Malipo ya serikali yanapaswa kupita benki ili pesa zisiishie mikononi mwa mtu. Mwombaji akishalipa na kupata karatasi ya malipo, safari yake ndiyo inaanza: kituo cha kupigia picha, ukaguzi wa karatasi, kungoja, kurudi, kuuliza tena. Kila hatua ina makomisioneri wake, wanaojua nani yuko ndani na ni kiasi gani cha matabishi kinafungua mlango gani.

Bei yenyewe ina historia. Mwishoni mwa 2015, pasipoti ya alama za vidole ilianza kutolewa kwa dolari 185 chini ya mkataba na kampuni ya Ubelgiji Semlex. Ilikuwa kati ya pasipoti za bei kali zaidi duniani, katika nchi ambako wakaaji wengi wanaishi kwa dolari moja ao mbili kwa siku. Mwaka 2017, shirika la habari Reuters liliripoti kwamba kati ya dolari hizo 185, ni 65 tu zilizokuwa zinakwenda kwa serikali, nyingine zikigawanywa kwa kampuni za nje. Mwaka 2020 bei ilishuka hadi dolari 99. Mwaka 2025, pamoja na pasipoti mpya iliyokabidhiwa kampuni ya Ujerumani Dermalog, ilitangazwa kuwa dolari 75.

Kushuka huko ni nafuu ya kweli kwa mfanyabiashara mdogo anayekwenda kununua bidhaa nje, ao kwa mgonjwa anayetafuta matibabu India. Hata hivyo, Mwafrika Kusini analipa chini ya nusu ya bei hiyo. Na hata pasipoti ikiwa bei nafuu, inabaki swali la msingi: ofisi ya pasipoti inamjua mwombaji kwa kitu gani?

Nchi inayojitambulisha kwa kadi ya kura

Hesabu ya mwisho ya wakaaji wa Kongo ilifanyika mwaka 1984. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wamepita miaka 40, na wengi wao ni wazazi. Tangu wakati huo hakuna aliyewahesabu Wakongomani mmoja mmoja.

Kitambulisho cha watu wengi ni kadi ya uchaguzi inayotolewa na tume ya uchaguzi, CENI. Hiyo ndiyo inayoonyeshwa benki, kwenye duka la simu, kwa polisi wa barabarani, uwanja wa ndege na kwenye maombi ya pasipoti. Ni kitambulisho cha muda ambacho kimedumu tangu uchaguzi wa 2006. Inatengenezwa kwa ajili ya kura, si kwa ajili ya maisha. Asiyefikisha umri wa kupiga kura hana. Aliyekuwa mkimbizi ao mgonjwa siku za kuandikisha hana. Na kadi zilizotolewa kwa ajili ya uchaguzi wa mwezi wa kumi na mbili 2023 zilileta malalamiko karibu kila jimbo: baada ya miezi michache maandishi na picha vilianza kufutika, na mwenye kadi akabaki na kipande cheupe cha plastiki.

Anayepoteza kadi anakwenda komuni kuomba cheti cha kupoteza vitambulisho. Karatasi hiyo nayo ina muda wake. Ikiisha anaomba nyingine. Kuna watu ambao kwa miaka wametambulishwa na karatasi inayosema kwamba wamepoteza kitambulisho.

Serikali iliunda ofisi ya kutambulisha wakaaji, ONIP, mwaka 2011. Mwezi wa sita 2023, Rais Félix Tshisekedi alipokea kadi ya kwanza ya utambulisho wa taifa mbele ya kamera, na wakaaji wakaambiwa kwamba kazi imeanza. Mkataba ulikuwa na kampuni ya Afritech, ikifanya kazi pamoja na Idemia ya Ufaransa. Maswali juu ya gharama yakazuka, na mwezi wa nane 2024 serikali ikauvunja. Kadi hiyo haikuwafikia wakaaji wa kawaida.

Msingi wa yote ni cheti cha kuzaliwa. Sheria inawapa wazazi siku 90 kuandikisha mtoto bila malipo. Siku hizo zikipita, wanapaswa kwenda mahakamani kutafuta hukumu ya kuchukua nafasi ya cheti, na hapo gharama zinaanza. Mama aliyejifungua katika kijiji cha Walikale ao Fizi, mbali na ofisi ya kuandikisha, akiwa njiani kukimbia vita, siku 90 zinampita bila yeye kujua kwamba zilikuwepo. Mtoto huyo atakapofikisha miaka 20 na kutaka pasipoti, hakuna benki itakayomsaidia.

Goma na Bukavu: mahali benki zilipofungwa

Mashariki ya nchi inaonyesha hatari nyingine ya kutegemea benki peke yake. Waasi wa AFC/M23 waliingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Benki za biashara katika miji hiyo zilifunga milango. Wenye akaunti walikaa na pesa wasizoweza kuzishika. Wengine walianza kuvuka mpaka kwenda Rwanda kutafuta mashine ya kutolea pesa, na wengine walipeleka pesa kwa simu kwa ndugu walio katika miji mingine na kulipa asilimia kwa wale waliowatafutia noti.

Katika hali hiyo, mpango wowote wa serikali unaosema “nenda tawi la benki” unawaacha nje mamilioni ya wakaaji wa Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Mwanafunzi wa Goma aliyepata nafasi ya kusoma nje, ao mfanyabiashara wa Bukavu anayetaka kuvuka mpaka kihalali, anahitaji pasipoti kuliko wakati mwingine wowote, na hapo ndipo madirisha yote yamefungwa kwa pamoja.

Hata penye amani, benki hazijafika mbali. Ziko Kinshasa, Lubumbashi, Kolwezi, Kisangani na miji mingine mikubwa. Ukitoka kilometa hamsini, pesa inapita kwenye simu, kwa wakala wa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money aliyekaa chini ya mwavuli na meza ndogo. Kama Kongo itachagua mlango wa pili wa kuwahudumia wakaaji, wakala huyo yuko karibu nao kuliko benki.

Nigeria ilianzia upande mwingine

Kuna nchi iliyojaribu kuanza na benki kabla daftari lake halijakamilika. Mwezi wa pili 2014, Benki Kuu ya Nigeria pamoja na benki za biashara zilianzisha namba ya utambulisho wa wateja, BVN, yenye tarakimu 11. Kila mwenye akaunti alitakiwa kufika tawini, kupigwa picha na kuweka vidole. Baada ya miaka michache, makumi ya mamilioni ya watu walikuwa na namba hiyo, na wakati fulani ilikuwa imewafikia watu wengi kuliko namba ya taifa.

Njia hiyo ilisaidia kupunguza wizi kwenye akaunti. Lakini ilimwandika mtu aliye na akaunti, ikamwacha asiye nayo. Mkulima, mchuuzi na mama wa kijijini walibaki wakingoja serikali. Mwishowe Nigeria ililazimika kurudi kwenye kazi ile ngumu ya kuandikisha kila mtu, na kuziunganisha namba hizo mbili.

Kinachowezekana kwa Kongo

Yanayoonekana katika nchi hizi yanatoa mpangilio ulio wazi. La kwanza ni kuandikisha: vizazi vyote, bila gharama, karibu na kituo cha afya ambako mtoto anazaliwa, na hesabu ya wakaaji ambayo nchi inaidai tangu 1984. La pili ni namba moja kwa kila mtu, isiyobadilika na isiyongoja uchaguzi. La tatu ni mikataba inayosomwa na bunge kabla ya kutiwa sahihi, ili mkaaji ajue kila dolari ya kitambulisho chake inakwenda wapi. Habari ya dolari 185 na ile ya mkataba uliovunjwa 2024 zinatosha kuonyesha gharama ya kulisahau hilo.

La nne, ambalo Afrika Kusini imejifunza mahakamani, ni haki ya mtu kusikilizwa kabla ya kufutwa katika daftari. Kwa Kongo jambo hili ni zito. Katika majimbo ya mashariki, neno “raia” limewahi kutumiwa kama silaha, na kuna jamii ambazo uraia wao umebishaniwa kwa miongo. Daftari linaloweza kumfuta mtu kimyakimya lingeongeza moto huo.

Ndipo benki, wakala wa simu, posta ao hata parokia vinaweza kuwa mahali pa kupokelea maombi. Mashine ya kupiga picha na kuchukua vidole si ghali sana na inaingia ndani ya sanduku moja. CENI imezisafirisha kwa pikipiki na kwa mtumbwi hadi vijiji visivyo na barabara kila inapoandaa uchaguzi. Kazi hiyo imekwisha kufanyika Kongo mara nne, 2005, 2011, 2017 na 2023. Kila mara iliwaandikisha mamilioni ya watu, na kila mara ilianza upya kana kwamba hakuna aliyekwisha kuandikwa.